Mikono Nyuma: Mwalimu na Batiki Zake

Mwalimu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipokasirika sauti yake ilishuka, na kadiri ilivyoshuka ndivyo darasa lilivyozidi kuganda, mpaka msichana aliyekosa akawa anainama mbele ili asikie anavyohukumiwa. Alitufundisha Kiingereza katika shule ya wasichana ya Ibra, huku Omani. Mimi alinifundisha miaka mitatu, kisha nikaondoka kwenda kusoma, nikarudi shule ile ile kuwa mwalimu mpya chini yake. Jina lake sitaliandika. Kwa sisi wasema Kiswahili wa Ibra, ukisema "Mwalimu" peke yake hakuna anayekuuliza yupi.

Nilimwogopa. Naliandika neno hili mapema nisije baadaye nikajifanya kwamba ilikuwa heshima tu. Nilimwogopa kwa namna ambayo nikisikia kikohozi chake ukumbini nilikuwa natazama kucha zangu kama ni safi, na mimi ni mtu mzima mwenye mshahara wake. Na hapo hapo hakuna nyumba niliyopenda kwenda kuliko yake.

Alikuwa mfupi, mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na chini ya abaya alivaa viatu vya raba. Hata harusini. Wanawake wanaingia na viatu vyao vya kumeremeta, yeye anaingia na raba zake nyeupe kama anayekwenda kucheza mpira. Ukimtania alijibu, "Wee cheka tu. Mtu hajui lini ataambiwa toka."

Maana na yeye alikuwa mwoga. Hilo wanafunzi hawakulijua, mimi nililijua baadaye. Mtungi wa gesi aliuweka nje ya nyumba, mwisho wa ua, na bomba lake refu alilipaka sabuni kila Ijumaa aone kama linatoa mapovu. Skuli ikikusanyika uwanjani, alisimama karibu na lango. Ukibisha kwake aliuliza "Nani?" mara tatu, na ukijibu mara ya tatu kwa sauti tofauti na ya kwanza, hafungui. Siku moja tu alinipa sababu, na wala sikuwa nimemuuliza. Tulikuwa tunakunja nguo, akasema, "Mimi n'shaona mlango unavunjwa, mwanangu. Khalas, usije ukaniuliza." Sikumuuliza. Watu wa umri wake waliotoka Unguja wakiwa na kifurushi kimoja mkononi tulikuwa nao wengi, na kila mmoja alikuwa na jambo lake ambalo huliulizi.

Sasa nije kwenye batiki, ambazo ndizo zilizomfanya ajulikane hata na watu wasiojua Kiingereza.

Nyumba zetu zote zina chumba cha wageni chenye zulia, mito ya kuegemea, na seti ya vikombe vya kahawa. Yeye cha kwake alikiondolea kila kitu. Dirisha alilibandika karatasi ya kaki jua lisiingie, akatia kiyoyozi ambacho hakikuzimwa majira ya joto yote, na kutoka darini akaning'iniza fito ishirini na kitu za mbao. Juu ya kila ufito ilikunjwa batiki moja ya Jawa, kule Indonesia, imeshuka pande mbili, ili uweze kuzunguka ukaiona mbele na nyuma. Hakugonga msumari hata mmoja kwenye nguo. Chini ya kila moja palikuwa na mfuko wake wa bafta uliotiwa karafuu dhidi ya nondo, na mara moja kwa mwezi alizishusha zote, akazitia mifukoni, akatazama saa. Akishamaliza anazitundika tena. Mimi nilidhani ni kuzipunga hewa tu, mpaka nikaona kwamba alikuwa akijipima ataweza kuondoka nazo kwa dakika ngapi.

Siku ya kutazama ilikuwa Jumatano, baada ya soko la wanawake. Wanakuja na mifuko yao ya ndimu kavu na vitambaa, wanaiacha barazani. Mlangoni kuna bakuli la bati la rangi ya buluu: bangili, pete, saa, vyote humo, visije vikakwaruza uzi. Kisha inakuja amri, kwa ile sauti ya chini. "Mikono nyuma."

Basi utawaona wanawake wazima, mabibi wenye wajukuu, wanapita baina ya nguo mikono imefungwa mgongoni kama wafungwa. Alikuja mara moja mke wa mkubwa fulani wa wilaya, ana watu wake watatu, na wote wanne wakafunga mikono nyuma. Nilimwona mmoja amefika mpaka nje, anaingia garini, mikono bado iko nyuma.

Ndani alieleza kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, na kwa Kiingereza kwa wake za mainjinia. Kwamba mwanamke anakaa na kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba, ndani mna nta ya moto, anachora mstari kwa mstari. Penye nta rangi haiingii. Nguo inatiwa rangi, inachemshwa nta itoke, inachorwa tena, inatiwa rangi ya pili. "Geuka huku utazame nyuma. Unaona? Sawasawa na mbele. Hii ya mkono. Ile ya kiwandani nyuma imepauka kama uso wa mgonjwa." Akafika kwenye ile ya kahawia yenye duara nne nne, wanawake wa Ibra wakasema ni tende zilizopasuliwa, na yeye hakuwakatalia.

Saba za kwanza aliletewa na marehemu mumewe, aliyekuwa injinia wa meli za mizigo. Nyingine zote zilitoka Hija. Kila mwaka watu wa Ibra wanapojitayarisha kusafiri, Mwalimu anawazungukia na vipande vya picha alivyokata magazetini. "Ukimwona mwanamke wa Kijawa kapanga nguo kando ya njia, zitazame nyuma kwanza. Nyuma!" Wengine walimletea vitu vya maana. Mmoja alimletea pazia. Alilipokea, akashukuru, na akalitundika jikoni kwa miaka kumi ili asimvunje mtu moyo.

Yeye mwenyewe Hija hakwenda. Watu walisema, haachi mtu kusema: afya anayo, uwezo anao, anawatuma wenziwe vitambaa na mwenyewe kakaa. Mimi nilithubutu kumuuliza. "Naogopa umati," alisema. "Mungu anajua kwamba naogopa umati. Namwomba anipe moyo, bado hajanipa."

Katika nyumba hii ndimo alimokuja Wati. Yeye jina lake nitalitaja, maana sijui nani mwengine atakayelitaja. Alitoka upande wa Cirebon, huko huko Jawa, akaletwa na ofisi ya wafanyakazi kuwa khadama, mtumishi wa ndani, kama walivyoletwa wengi wakati ule, na alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyemwacha kwa mamake. Siku ya kwanza alimkuta Mwalimu jikoni anakaanga sambusa, amejifunga saruni kuukuu yenye madoa ya mafuta. Wati akashika mdomo. Akaipindua ncha ya ile saruni, akaitazama nyuma, akaenda kutazama chumbani, akarudi. Kwa Kiarabu chake cha siku tatu akamfahamisha kwamba hii anayopikia ni bora kuliko nusu ya zile alizotundika. Mamake alikuwa mchoraji, na yeye mwenyewe alishika kile kikombe cha nta tangu ana miaka saba.

Mwalimu huyu ambaye mkaguzi wa wizara akimsahihisha anamjibu mpaka mkaguzi anaomba maji, alikwenda kuchukua daftari. Akaandika kila alichoambiwa. Nguo tatu zilikuwa zimetundikwa kichwa chini, zikageuzwa. Moja ilikuwa ya bandia, ikaondolewa bila ya maneno. Kiswahili Wati alikipata kwa miezi minane, cha Mwalimu kabisa, chenye "wallahi" na "hebu nione" ndani yake. Jumatano Mwalimu alimwonyesha kwa wageni, "Huyu ndiye mwalimu wangu," na wageni wakishaondoka humwambia, "Haya, vyombo vinakungoja." Yote mawili alikuwa anayasema kwa dhati, na hakuona kwamba yanapingana.

Ilikuwepo batiki moja iliyowatia watu hofu. Ya buluu iliyoiva sana, na badala ya maua imejaa herufi za Kiarabu, mistari kwa mistari, lakini ukijaribu kuzisoma hazisomeki. Unaona alifu, unaona lamu, unadhani unaanza kulijua neno, linakuponyoka. Wanawake walipita mbele yake wakisoma Ayatul Kursi. Mmoja wa kutoka Izki alisema wazi hiyo ni kazi ya mchawi, na hakukanyaga tena. Wati ndiye aliyesema, bila ya kupima maneno, "Kwetu wanachora, wanapeleka Sumatra. Kule wanafunikia jeneza." Mwalimu alibadilika rangi. Mimi nilidhani ataishusha. Hakuishusha, ila tangu siku hiyo alipita kwa mbali nayo kidogo, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa miongoni mwa zile saba za mumewe.

Hii ndiyo niliyoitoboa mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka wangu wa kwanza kazini. Mwalimu ndiye aliyekuwa ananiangalia darasani na ndiye atakayeandika kama nibakishwe au niondoke. Wageni walikuwa wanatoka Nizwa, walimu wa vyuo, na yeye alikwenda sokoni kununua halua akaniachia nyumba. Nikataka kumfurahisha. Kwetu nguo nzuri haionyeshwi mtu bila ya kufukizwa. Ya harusi inafukizwa, ya Idi inafukizwa, hata kanga ya kumpa mtu zawadi inafukizwa kwanza. Nami nikajiambia, nguo yenye herufi kama hizi, yenye kutia hofu namna hii, ndiyo hasa inayotaka udi. Mwalimu alishakataza moto chumbani, lakini akili yangu ikaniambia udi si moto.

Nikamwambia Wati aniwashie makaa. Akaniwashia jikoni, akanipa chetezo mkononi, akaniuliza, "Unapeleka wapi, dada?" Nikamwambia, "Hapa tu." Nikaingia nacho. Nikaishusha ile ya buluu, nikaitandaza juu ya kichanja cha kufukizia, nikatia udi. Kaa likapasuka. Sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja njugu. Nilipoiinua nguo, katikati ya mstari wa herufi palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya dengu, ukingo wake umekuwa mweusi na bado unanuka.

Sikufikiri kitu cha busara. Niliitundika kinyume, tundu likawa juu kwenye mkunjo wa ufito, nikafungua mlango harufu itoke, nikakirudisha chetezo jikoni. Wati alikitazama, akanitazama, akamwaga majivu. Wageni walikuja, wakafunga mikono nyuma, wakasifu, wakaondoka. Mwalimu alisema chumba kinanukia vizuri, akadhani ni manukato ya wageni.

Wiki tatu niliishi na tundu lile. Darasani naandika ubaoni naliona. Nilipanga kusema kila Jumatano, na kila Jumatano niliona yale macho juu ya miwani nikaona kesho ni bora.

Ilifika siku ya kuzishusha zote. Mimi nilikuwepo. Mwalimu aliishika ile ya buluu, akaikunjua, akasimama. Hakupiga kelele. Akasema, polepole mno, "Nani aliwasha makaa katika nyumba hii?"

"Mimi," akasema Wati. Alijibu alichoulizwa.

"Na nani aliyaingiza humu?"

Wati alinigeukia mimi. Hakunisonta kidole, hakunikunjia uso. Alinitazama kama unavyomtazama mtu ambaye ni zamu yake kusema.

Mwalimu akanigeukia na yeye. "Wewe ulikuwepo siku ya wageni wa Nizwa, chumba kiliponukia. Ulimwona?"

Nikasema, "Sijui, Mwalimu."

Maneno yote niliyosema ni hayo. Sikusema ni yeye. Mara ngapi nimejipa moyo kwa hilo, kwamba sikusema ni yeye! Siku mbili baadaye Wati alirudishwa ofisini na sanduku lake, na wiki iliyofuata tukasikia kasafirishwa kwao. Mimi nilibakishwa kazini. Mwalimu aliandika kwamba mimi ni mwaminifu. Nililiona lile neno, kwa mkono wake, limepigiwa mstari.

Batiki ya buluu aliirudisha mahali pake, tundu mbele. Wageni wakiuliza alisema, "Kazi ya khadama," akaendelea na inayofuata. Nilikaa Ibra Jumatano nyingi baada ya hapo na sentensi hiyo niliisikia kila mara, nikisimama kando na mikono nyuma. Aliajiri mwengine, Mhindi, akamkataza kuingia chumbani. Daftari lile hakuliongezea kitu tena. Na alizidi kunipenda, hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa akiniletea samli, akanifundisha kupika biriani la kwao, na nilipoolewa Nizwa alilia.

Miaka ikapita minane. Nilikuwa nyumbani kwangu Nizwa, alasiri, watoto wanafanya kazi za skuli, nikasikia hodi na ile sauti. Mpwa wake alimleta kwa gari na akabaki nje kumngojea. Alikuwa amekonda, macho yameingia ukungu, lakini mgongo umenyooka. Nikambusu mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Mwaka huu Mungu kanipa moyo, naenda Hija. Nimekuja kutaka radhi. Nimekufundisha, nimekufokea, nimekukalia juu. Nisamehe."

Ndiyo ada yetu, mtu hasafiri kwenda Makka na vinyongo nyuma yake. Nikamjibu kama inavyojibiwa, "Nimekusamehe, dunia na akhera. Na wewe nisamehe mimi."

"Wewe una nini cha kusamehewa? Hukunikosea hata siku moja." Akafungua mkoba, akatoa karatasi. "Amebaki mmoja tu. Yule Wati. Kitambaa kimoja, nikamkatia mtu riziki yake na ana mtoto wa kusomesha. Haki ya mtu Hija haiifuti, mwanangu, mpaka mwenyewe akusamehe. Mimi nimeogopa mambo mengi, lakini hili nalala nalo naamka nalo. Namba nimeitafuta mwaka mzima kwa wenziwe. Tarakimu sizioni. Nipigie wewe."

Alininyoshea ile karatasi na mkono wangu haukwenda kuipokea. Nilijua kwamba nikiichukua kimya kimya hakuna atakayejua milele, na ndipo nilipoogopa kuliko siku ile ya tundu.

"Mwalimu," nikasema, "chetezo nilikiingiza mimi."

"Sema tena."

Nikasema tena. Sauti yake ikashuka mpaka nikalazimika kuinama.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema sijui."

Watoto wangu waliacha kusoma wakatutazama. Kisha Mwalimu akasema, si kwangu hasa, "Basi dhambi yangu imekuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nimemfukuza asiye na kosa, nikamweka mwenye kosa nikampa samli."

Akainama akaiweka karatasi juu ya zulia, akainuka, akajitengeneza abaya.

"Nimekusamehe," akasema. "Naenda kwenye nyumba ya Mungu, siwezi kumkatalia mtu. Lakini usidhani imetoka moyoni. Moyoni bado. Mpigie leo, mwambie Mwalimu anataka radhi. Lako utamwambia mwenyewe." Nikataka kumshika mkono kumsindikiza mpaka garini, akaupitisha upande wa pili.

Nilipiga. Ililia muda, akapokea mwanamke, nyuma yake kuku wanalia. Nikataja jina langu. Kwa Kiswahili cha Mwalimu kile kile akauliza, "Mwalimu mzima?"

Nikamwambia mzima, anaenda Hija, anaomba radhi.

"Mwambie nimemsamehe zamani. Wallahi zamani. Aende, asiogope."

Nikamshukuru. Nikamwambia kwamba na mimi nina langu, nikaanza, nikakwama, nikaanza tena, nikalisema lote mpaka neno "sijui". Alinisikiliza bila ya kunikatiza.

"Yeye hakujua," akasema Wati. "Wewe ulijua. Siku ile nilikutazama, nikangoja."

"Naomba unisamehe, Wati."

"Leo bado."

"Nikupigie lini?"

"Usipige. Nitapiga mimi."

Nilimfikishia Mwalimu salamu kwa simu jioni ile ile. Alisema alhamdulillahi, na hakuniuliza mimi nimejibiwa nini. Alikwenda, akarudi. Mimi namba yangu ya simu sijaibadilisha tangu siku hiyo, ingawa mume wangu ameniletea kadi mpya mara mbili. Ikilia naogopa kuitazama. Nikiitazama, naona si Wati.